Kuongeza jiko la kioo nyuma ya nyumba kongwe ya London

Nyumba za matofali zilizoungana za enzi ya Malkia Victoria huwa na kiuchochoro ubavuni mwa jiko. Hapo ndipo wateja wangu wengi hutaka chumba kipya cha kioo.

Anza na karatasi. Nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, usiguse hata tofali kabla ya kibali cha halmashauri. Halafu jirani: sheria ya kuta za pamoja ya 1996 inataka umpe notisi ya maandishi, mwezi mmoja kabla ya kuchimba karibu na msingi wake, miezi miwili ukigusa ukuta mnaochangia. Mpelekee mwenyewe umweleze kwa mdomo; barua kavu humtia mtu hofu.

Chimba shimo la majaribio. Misingi ya zamani haikuchimbwa chini sana, na mfinyanzi wa London huvimba na kusinyaa, hivyo msingi mpya utashuka zaidi. Kuta mbili, ule wa zamani na huu mpya, hazitatulia sawasawa. Acha mwanya wa wima kati yake, uujaze kitu kinachonyumbulika.

Ninachogombana nacho kila mara ni saruji. Tofali za kale ni laini. Saruji ngumu hufungia unyevu ndani, na baridi ikigandisha maji uso wa tofali hubanduka. Tumia mchanga na chokaa. Aliyekulia Lamu, mji wa nyumba za kale za chokaa, hahitaji kuelezwa.

Kioo huja mwisho. Kipime baada ya mhimili wa chuma, unaowekwa pale ukuta wa jiko unapobomolewa, kubeba ukuta wa juu, si kutoka kwenye ramani.