Kidonge cha tezi kwanza, chai baadaye

Mimi ni mama lishe hapa Tanga. Kisukari ninacho mwaka wa tisa sasa, na miaka mitatu iliyopita nikaambiwa kwamba tezi dundumio, ile ya shingoni, nayo imechoka na haitoi homoni ya kutosha. Nilirudi nyumbani na mfuko wa dawa, sijui ipi ianze. Nakuandikia wewe ambaye umerudi na mfuko kama ule.

Naamka saa kumi alfajiri. Kidonge cha tezi, levothairoksini, kiko kando ya kitanda pamoja na glasi ya maji, nakimeza kabla sijashika mwiko. Hakitaki mwenza tumboni. Chakula, kahawa na chai ya maziwa hukizuia kuingia kwenye damu, kwa hiyo kipe nusu saa, na ukiweza saa nzima. Kwa kazi yangu hilo lilinitesa, maana mpishi lazima aonje. Miezi ya mwanzo nilimeza kidonge kisha nikaonja uji wa wateja hapo hapo, majibu ya damu yakawa yale yale, dozi ikapandishwa. Siku hizi saa ile ni ya kuwasha mkaa, kukanda unga na kukata vitunguu. Kuonja ni kuanzia saa kumi na moja.

Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali zaidi na kidonge cha tezi, vipishane kwa muda wa saa nne kamili. Vyangu nameza mchana. Metformini, dawa yangu ya sukari, ni kinyume: yenyewe inataka chakula, la sivyo tumbo linachafuka. Naimeza katikati ya kifungua kinywa.

Sukari napima kabla ya kula, na kabla ya kupima nanawa mikono kwa sabuni na kuikausha. Siku moja mashine ilinisomea 16 (yangu inapima kwa mmol/L), nikaingiwa na hofu. Kumbe vidole vilikuwa na sukari ya donge la maandazi. Nilipoosha na kurudia, ikasoma 7.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonigharimu. Maradhi haya mawili yanafanana sana. Uchovu, uzito kupanda, choo kigumu, ganzi ya vidole: yanaweza kutoka upande wowote. Baada ya ile dozi kupandishwa, nikaanza kutetemeka saa sita mchana, jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio. Nikasema sukari imeshuka, nikanywa soda. Kesho yake tena soda. Siku ya tatu binti yangu akanishika mkono, akasema, "Mama, pima kwanza." Ikasoma 11. Sukari haikuwa imeshuka hata kidogo. Dawa ya tezi ndiyo iliyokuwa imezidi, na kliniki wakaipunguza. Tangu hapo, nikitetemeka napima. Ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya nusu glasi ya maji, nasubiri dakika 15, napima tena. Ikiwa juu ya hapo, naandika saa na namba kwenye daftari, nampelekea daktari. Kama huna mashine karibu na unatetemeka, kunywa sukari, usingoje.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa: tezi ikiwa imelala, mwili huchelewa kuiondoa insulini. Ukianza dawa ya tezi, mwili unachangamka na sukari inaweza kupanda, hata kama ugali wako ni ule ule. Nilijilaumu wiki nzima kwa kosa ambalo sikulifanya. Wiki hizo pima mara nyingi zaidi, na kama unachoma insulini, mwambie daktari mapema ili aangalie dozi. Kipimo cha damu cha tezi hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya dozi kubadilishwa. Kabla ya hapo majibu hayajatulia.

Chakula sikubadilisha sana. Watu waliniambia niache kabichi na muhogo kwa sababu ya tezi. Kabichi iliyopikwa naila bila wasiwasi. Muhogo naupunguza, lakini kwa ajili ya sukari. Ugali kiasi cha ngumi yangu, mchicha mwingi, dagaa au samaki, chumvi yenye madini joto na isiwe nyingi.

Dawa ya tezi haipendi joto wala unyevu, na Tanga ina vyote viwili. Yangu imo kwenye pakiti yake, ndani ya kabati la chumbani, mbali na jiko na dirisha.

Kwa anayetaka kufunga Ramadhani: nenda kliniki mwezi Rajabu au Shaabani mapema, waseme kama mwili wako unaweza na dawa za sukari zigawanywe vipi kati ya futari na daku. Cha tezi mimi nakimeza usiku ninapolala, zikiwa zimepita saa tatu tangu nilipokula mara ya mwisho, na sigusi kitu tena mpaka daku.