Somo: Kupima usikivu na mishipa ya fahamu ya kihongwe (mtoto wa punda)

Somo hili ni kwa wenye punda wa mikokoteni Magu, Misungwi, Kisesa na kwingine kandokando ya Ziwa Victoria. Kihongwe asiyegeuka akiitwa huonekana mkaidi, fimbo zikaanza, kumbe hasikii au masikio yamejaa kupe.

1. Masikio kwanza. Pima asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kugongesha mabati. Mshikaji apitishe mkono mmoja kifuani na mwingine nyuma ya mapaja. Mulika tochi ndani ya sikio: kupe, usaha, damu, harufu. Kupe wa karibu mtoe kwa kibano. Wa ndani mwachie daktari. Usimimine dawa ya josho sikioni. Ukikuta usaha, kipimo cha sauti kisubiri hadi atibiwe.

2. Sauti. Hapa ndipo wengi wanakosea. Punda anaona karibu pande zote, kwa hiyo kusimama nyuma yake hakutoshi. Jifiche nyuma ya turubai au ukuta, mita 3 hivi. Msaidizi akae mbele, atazame masikio tu. Mama abaki jirani, ila kihongwe asiyaone masikio ya mama, maana mama akigeuka na mtoto hugeuka.

Tumia sauti tatu: funguo, kopo lenye kokoto, na dumu tupu lililoshikwa mkononi. Dumu lisiguse ardhi. Asiyesikia kabisa huhisi mtikisiko kupitia kwato, nawe ukaandika "anasikia". Piga mara moja, subiri dakika moja, rudia mara tatu kila upande. Ukipiga mfululizo anazoea na kuacha kuitikia. Jibu ni sikio kugeuka, kichwa kuinuka, au kuacha kunyonya ghafla.

Anayegeukia upande usio sahihi kila mara huenda anasikia kwa sikio moja, lakini njia hii haithibitishi hilo. Kinachothibitisha ni mashine ya hospitali za farasi: vishikizo vya umeme kichwani, mlio mfupi sikio moja baada ya jingine, kisha mawimbi ya ubongo yanasomwa.

3. Mishipa ya fahamu. Anza na umri. Mwenye afya husimama ndani ya saa 1 hivi na kunyonya ndani ya saa 2. Mwendo wake wa siku za kwanza ni wa kurukaruka na kuinua miguu kupita kiasi. Huo si ugonjwa.

Akiwa na miezi kadhaa, mtembeze moja kwa moja, mzungushe duara dogo, mrudishe nyuma, mpandishe mteremko. Tazama kwato za nyuma: ncha iliyosagika mbele inaonyesha anaburuta. Akiwa anatembea, vuta mkia taratibu upande mmoja, kisha mwingine. Mzima hukaza mwili na kuendelea. Mwenye tatizo huyumba au hupishanisha miguu.

Anayedondosha mate, asiyeweza kumeza au aliyebadilika tabia ghafla, usimtie mkono mdomoni. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mtenge, mpigie afisa mifugo.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, wangu ana siku 5. Nikimpelekea mkono jichoni hapepesi. Ni kipofu?*
Usihukumu bado, mkuu. Kupepesa kwa kutishwa hutokea akikaribia wiki 2. Mulika tochi gizani: mboni ikisinyaa, njia ya mwanga kutoka jichoni inafanya kazi. Akifikisha umri, jaribu tena bila kumpepea. Upepo wa kiganja nao humfanya afumbe.

*Kichwa kimeinamia kulia, sikio la kulia limelala, mdomo umevutwa kushoto.*
Hapo sikio la ndani na mshipa wa uso wa kulia vinashukiwa. Daktari aje leo. Kama amewahi kuchomwa jentamaisini (dawa ya kuua bakteria) mwambie, maana inaweza kudhuru sikio.

*Mwenye uso mweupe na macho ya buluu ni kiziwi?*
Uhusiano huo umeonekana kwa farasi, hasa aina ya American Paint Horse wa Marekani. Si kila mmoja, mpime tu.

*Anayumba nyuma. Duka la dawa wamenipa diminazini ya ng'ombe, wanasema ni nagana (ugonjwa wa mbung'o).*
Usichome, ndugu yangu. Farasi na punda huvumilia diminazini vibaya kuliko ng'ombe, na kuyumba kuna sababu nyingi, jeraha la shingo likiwemo. Kwanza damu isomwe kwa darubini, na kipimo cha dawa kipangwe na daktari kwa uzito wa punda. Huku ukisubiri, mwondoe kwenye mkokoteni na umlaze pakavu pasipoteleza.