Gari la mazutu likigoma asubuhi ya baridi: tafuta hewa kabla ya kulaumu pampu

Kila Juni na Julai, magari ya zamani ya mazutu (dizeli) hapa Lubumbashi huanza kugoma alfajiri. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa miezi hiyo baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Wengi husema mazutu yameganda. Kwa baridi ya kiasi hicho mazutu safi hayagandi. Yanakuwa mazito kidogo, kwa hiyo pampu inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na wakati huohuo duriti (mpira wa kupitishia mazutu) iliyozeeka inakakamaa na kulegea ndani ya kolie yake, yaani kibano kinachoishika. Pampu basi inavuta kilicho chepesi: hewa. Maelezo haya yanahusu injini zisizo na kompyuta, zenye pampu ya enjeksio ya kuzunguka (inayosukuma mazutu kwenye silinda), kama injini za 1HZ ya Land Cruiser au 3L ya Hilux na Hiace.

Anza na moshi. Mmoja azungushe demarea (mota ya kuwashia injini) kwa sekunde 10, mwingine asimame nyuma. Moshi mweupe ukitoka bila injini kuwaka, mazutu yanafika kwenye silinda ila yanakosa joto. Achana na mipira, kagua buji za kupashia, zinazotia joto kwenye silinda kabla injini haijawaka. Ondoa bati linaloziunganisha, unga waya mmoja wa taa ya volti 12 kwenye chanya ya batri, na mwingine gusisha ncha ya kila buji. Isipowasha taa, imekufa. Batri nayo iwe na volti 12.6 hivi ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 9.6 demarea inapozunguka, injini haizunguki kwa kasi ya kutosha kupasha hewa.

Bomba likibaki bila moshi wowote, mazutu hayafiki. Kwanza washa kontakti (swichi ya ufunguo) na usikilize elektrovana ya stop, vali ya umeme inayofungua na kukata mazutu, iliyo juu ya pampu: lazima igonge mara moja. Ikiwa kimya, pima umeme wa waya wake kabla ya kufungua chochote. Waya huo mmoja ukiwa na kutu, utabadilisha filta tatu bure.

Elektrovana ikigonga, nenda kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Fanya hivyo asubuhi, kabla ya kujaribu kuwasha. Ikiwa ngumu baada ya kuisukuma mara mbili au tatu, mipira imejaa. Ikibaki laini hadi mara 20 au 30, mazutu yalirudi kwenye tangi usiku, na hayarudi bila hewa kuingia mahali fulani kushika nafasi yake.

Kuiona hewa hiyo kunahitaji mpira wa kuonesha ndani, wenye tundu la milimita 8 na urefu wa sentimita 40. Uweke kati ya filta na pampu, washa injini, uangalie. Mapovu yanayopita mfululizo ni ushahidi wa kutosha. Sasa uhamishie kabla ya filta. Mapovu yakiwepo hapo pia, hewa inaingia upande wa tangi. Yakiwa hayapo, inaingia kwenye filta yenyewe: raba yake, skrubu ya kutoa maji, au utando wa pampu ya mkono. Usitegemee kuona tone chini ya gari, kwa sababu upande wa kuvuta hunyonya hewa bila kumwaga mafuta. Kagua pia vipira vidogo vya kurudisha mazutu juu ya enjekteri, vifaa vinavyonyunyizia mazutu kwenye silinda. Vikipasuka, mfumo hujimwaga polepole usiku kucha.

Jaribio linalomaliza ubishi ni la bidoni. Weka bidoni (dumu) ya lita 5 yenye mazutu safi juu kuliko pampu, ivutie kupitia filta mpya, na mpira wa kurudisha uingie humohumo. Injini ikiwaka na kutulia, kosa liko kati ya tangi na filta, au kwenye filta ya zamani yenyewe. Fungua kifuniko cha tangi: kikivuta pumzi kwa sauti, tundu lake limeziba. Kisha tenga mpira kwenye filta na upulize hewa kidogo kuelekea tangi, kifuniko kikiwa wazi. Mlio wa mapovu usiposikika, kichujio cha ndani kimejaa uchafu.

Maji ni adui wa pili, hasa kwa mazutu ya kadafi, muuza mafuta wa kando ya barabara. Tangi lililo nusu hutoa jasho ndani usiku ukipoa, kwa hiyo lijaze jioni. Fungua skrubu ya chini ya filta, kinga mililita 200 kwenye chupa inayoonesha ndani, acha zitulie dakika 15. Maji yatakaa chini. Usichanganye petroli, wala usiwashe moto chini ya tangi, wala usipulize eta (dawa ya kuwashia injini inayoshika moto haraka) kwenye injini yenye buji za kupashia: inaweza kulipuka mapema na kuvunja pistoni.

Ukimaliza kurekebisha, toa hewa:

1. Legeza skrubu ya kutoa hewa ya filta, sukuma pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kaza.
2. Legeza nati za enjekteri kwa ufunguo wa 17, zungusha demarea sekunde 10, ipumzishe dakika moja, rudia hadi mazutu yatoke.
3. Kaza. Weka mikono mbali, kwa maana mazutu ya shinikizo hupenya ngozi.

Rondeli za shaba (pete bapa zinazoziba maungio) usizirudishe zilivyo. Nunua mpya, au zipashe hadi ziwe nyekundu na uzitumbukize majini. Shaba hulainika na kuziba tena.

Na pampu yenyewe? Iliyochakaa ndani mara nyingi hugoma injini ikiwa ya moto, kwa kuwa mazutu yamekuwa mepesi na yanavuja ndani yake. Gari linalogoma mchana likiwa moto, lifunike pampu kwa kitambaa chenye maji baridi, subiri kidogo. Likiwaka baada ya hapo, ndipo upeleke pampu kwa fundi.