Somo: Beti ngapi za utenzi zinaenea kwenye msimbo wa QR?

Mliouliza kuhusu kadi za Maulidi ya Lamu, mtu askani asome utenzi papo hapo bila bando: inawezekana, ila kuna kikomo. Msimbo wa QR, ule mraba wa visanduku vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu, ulibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, si tenzi.

Hatua ya 1: Hesabu baiti (kipimo cha ukubwa wa data) kwanza. Msimbo mkubwa kabisa, toleo (yaani saizi) la 40, una visanduku 177 kila upande. Hubeba tarakimu 7,089, au herufi kubwa 4,296, au baiti 2,953. Chagua kimoja. Herufi ya kawaida ni baiti 1, kwa hiyo ubeti wa vipande vinne vya mizani nane hula kama baiti 80. Hizo ni beti 36 hivi. Ukiandika kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu, kila herufi ni baiti 2 na kila irabu 2 nyingine. Beti zinapungua kwa nusu.

Hatua ya 2: Chagua kinga, yaani uwezo wa msimbo kusomeka hata sehemu yake ikiharibika. Kiwango L huvumilia uharibifu wa takriban asilimia 7, M 15, Q 25, H 30. Kinga hula nafasi: hesabu za hatua ya 1 ni za L; toleo la 40 likiwa H hubakiwa na baiti 1,273. Kadi ya mkononi, L yatosha. Bango la gatini, penye chumvi na jua, mimi huweka Q.

Hatua ya 3: Usijaze hadi pomoni. Visanduku 177 ndani ya sentimita 5 ni vidogo mno kwa simu nyingi. Beti tano kwa L huingia toleo la 13, visanduku 69, na husomeka vizuri. Acha ukingo mweupe wa visanduku vinne pande zote.

MASWALI

– Maalim, na sauti ya msomaji?
Haiingii. Faili la sauti la kawaida, MP3 ya 128 kbps, hula baiti 16,000 kwa sekunde. Weka kiungo tu, bando litahitajika.

– Utenzi mzima je?
Kanuni zinaruhusu kuunganisha misimbo hadi 16, lakini kamera za simu nyingi haziiungi. Bora kadi kadhaa.

– Nikiandika herufi kubwa tupu si nitapata 4,296?
Seti ile ya herufi kubwa ina alama 45 tu. Haimo mkato, wala mstari mpya, wala ritifaa (alama ya '). Ukiandika NG'OMBE, ritifaa yake inakurudisha kwenye hesabu ya baiti.