Kuchagua ubao wa kwanza wa mawimbi ukiwa Nairobi

Wengi wanaoniuliza kuhusu ubao wa kuteleza juu ya mawimbi (surfboard) huanza kwa kunitumia picha: ubao mweupe, mwembamba, wenye pua iliyochongoka, unafaa? Haufai. Ubao wa aina hiyo, futi 6 hivi na lita zisizofika 30, umetengenezewa mtu ambaye tayari anajua kusimama. Wewe ukiulalia utazama nao, na asubuhi itaisha ukinywa maji ya chumvi.

Halafu sisi wa Nairobi bahari tunaifuata karibu kilomita 480. Huwezi kutoka kazini ukapitia Malindi kujaribu kidogo. Siku zako majini ni chache, kwa hivyo chukua ubao utakaokupa mawimbi mengi kwa siku moja, hata kama una sura ya mlango.

Hatua ya 1: Panda mizani

Kitu cha kwanza kuangalia ni ujazo, yaani lita. Mara nyingi huandikwa upande wa chini wa ubao pamoja na vipimo vingine. Anayeanza anahitaji lita zisizopungua kilo zake. Una kilo 65? Lita 65 ndizo za chini kabisa. Ukipata 75 au 80, chukua. Kama hujaogelea tangu shule, ongeza tena, maana mikono itachoka kabla ya wimbi la tatu. Ubao wenye lita nyingi huelea juu, husonga ukipiga makasia kwa mikono, na wimbi hukubeba mapema, kabla halijasimama wima.

Lita hazijaandikwa? Usizidishe urefu kwa upana kwa unene ukaamini jibu. Ubao umepunguzwa mbele, nyuma na pembeni, kwa hivyo hesabu hiyo hutoa lita nyingi kuliko zilizopo.

Hatua ya 2: Urefu na upana

Chukua kimo chako, ongeza futi 2 hadi 3. Mtu wa futi 5 na inchi 6 atafaana na ubao wa futi 8. Upana uwe inchi 22 au zaidi, unene karibu inchi 3, pua ya mviringo. Kabla ya kulipa, pima pia ngazi za ploti yenu: futi 8 ni kama mita 2.4, na kona za ghorofa nyingi za Roysambu hazina huruma.

Hatua ya 3: Sponji, si faiba

Hapa sina mjadala. Utaanguka, na ubao utakurudia. Wa sponji wenye mapezi (yale ya chini, upande wa nyuma, yanayouongoza ubao) ya plastiki laini utakuachia maumivu kidogo; wa faiba, yaani wenye ganda gumu la fibaglasi, unaweza kukupeleka kushonwa.

Ukiletewa ubao wa epoksi, nao pia wa ganda gumu, kwa bei nzuri, angalia kama una kitundu cha hewa chenye skrubu. Ndani yake mara nyingi ni povu jeupe lililojaa hewa, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukipanda nao kutoka Pwani hewa hiyo hutanuka, na inaweza kubandua ngozi ya ubao. Skrubu ilegezwe safarini, ikazwe kabla ya kugusa maji. Ukisahau kuikaza, maji yataingia.

Hatua ya 4: Kukagua mtumba

Nenda mchana, na M-Pesa isubiri hadi uushike ubao mwenyewe. Uinue: ukiwa mzito kuliko ukubwa wake, umekunywa maji. Bonyeza mgongo wote kwa kidole gumba, hasa pale mtu anaposimama. Kwa ubao wa ganda gumu, pakibonyea na kurudi, ngozi imeachana na povu. Angalia nyufa kwenye mashina ya mapezi na mahali kamba ya mguu inapofungwa. Mikwaruzo na rangi iliyopauka zisikutishe, zikupunguzie bei tu.

Kamba yenyewe nunua mpya, yenye urefu sawa na ubao.

Hatua ya 5: Kuusafirisha

Juu ya gari, mapezi yaangalie mbele na juu, ufunge kwa mikanda mipana. Usiuache ndani ya gari lililofungwa mkisimama kula Mtito Andei. Joto la pale huyeyusha gundi pamoja na nta inayopakwa juu ya ubao ili miguu isiteleze. Kwa treni au basi, uliza kuhusu urefu wa mizigo kabla ya kukata tikiti. Ukiambiwa hapana, kodisha Pwani. Kwa safari za kwanza ningekodisha hata hivyo.

Hatua ya 6: Kuupeleka panapofaa

Ubao huu unataka mawimbi madogo yanayovunjikia mchangani. Malindi wakati wa kusi, Julai na Agosti, ni pazuri, kwa sababu ufuo wa mji haukukingwa na mwamba wa matumbawe kama sehemu nyingine. Diani, maji ya ndani ya mwamba hutulia. Yatumie kujifunza kupiga makasia na kukaa katikati ya ubao. Usitoke hadi kwenye mwamba wenyewe, hasa maji yakipwa wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida), maana matumbawe hubaki karibu kabisa na uso wa maji.