Kupata XOR na XNOR kwenye IC moja ya 74HC86

Geti ni saketi ndogo inayopokea 0 (hakuna volti) au 1 (kuna volti) na kutoa jibu moja. Geti la XOR linauliza swali moja tu: je, maingizo mawili yanatofautiana? Yakitofautiana tokeo ni 1, yakifanana ni 0. XNOR hugeuza jibu hilo, ikitoa 1 pale maingizo yanapofanana. Taa ya ngazini yenye swichi mbili, moja chini na nyingine juu, hufuata mantiki hii hii: ukigusa swichi yoyote, taa inabadilika, bila kujali ile nyingine imekaaje.

A B | XOR | XNOR
0 0 | 0 | 1
0 1 | 1 | 0
1 0 | 1 | 0
1 1 | 0 | 1

Mstari wa mwisho ndio wa kuangalia kwa makini. OR ya kawaida, inayotoa 1 ingizo lolote likiwa 1, inafanana na XOR katika mistari mitatu ya juu, na 74HC32, ambayo ni IC (chipu) ya OR, ina mpangilio wa miguu ule ule wa 74HC86, IC yetu yenye mageti manne ya XOR. Ukiuziwa moja badala ya nyingine, saketi itaonekana nzima hadi uweke 1 na 1 kwa pamoja. Kwa hiyo anza kupima na mstari huo.

Vifaa: bredibodi 1 (ubao wa kuchomeka vifaa bila kulehemu), IC ya 74HC86 1, kapasita ya 100 nF 1, rizista za 10 kΩ 2, rizista za 1 kΩ 2, LED 2 (nyekundu na kijani), swichi ndogo za kubonyeza 2, vipande vya waya, na umeme wa volti 5. Chaja ya simu inatosha. La sivyo tumia betri 3 za AA, yaani volti 4.5. Betri ya volti 9 iache kabisa, maana IC za familia ya HC, kama hii, zinafanya kazi kati ya volti 2 na 6.

Pachika IC ikiwa imekaa juu ya mfereji wa katikati wa bredibodi. Ukiwa umeelekeza alama ya kibonyeo kushoto, mguu wa 1 uko chini kushoto na hesabu inazunguka kinyume cha mwendo wa saa hadi 14. Mguu wa 14 unapata chanya, wa 7 unapata graundi, yaani hasi. Kapasita iweke kati ya miguu hiyo miwili, karibu na IC kadiri inavyowezekana.

Mageti manne yamepangwa hivi: 1 na 2 hutoa kwenye 3, 4 na 5 hutoa kwenye 6, 9 na 10 hutoa kwenye 8, 12 na 13 hutoa kwenye 11.

Unga swichi ya kwanza kati ya chanya na mguu wa 1, ya pili kati ya chanya na mguu wa 2. Kila mguu kati ya hiyo miwili uvute kwenye graundi kwa rizista ya 10 kΩ, ili swichi isipobonyezwa ingizo liwe 0 kweli. Ukiacha rizista hizo, ingizo linaelea: LED itawaka na kuzima unapopitisha mkono karibu, na utaishia kulaumu IC isiyo na kosa. Swichi zenye miguu minne nazo zina mtego wake, kwani miguu miwili miwili imeungana tayari ndani. Tumia pembe zinazotazamana kwa mshazari, hutakosea.

Kutoka mguu wa 3 pitisha rizista ya 1 kΩ, kisha LED nyekundu, hadi graundi. Hiyo ndiyo XOR.

Sasa XNOR, bila kununua IC nyingine. Peleka mguu wa 3 kwenye mguu wa 4, na mguu wa 5 uunge moja kwa moja kwenye chanya. Tokeo la mguu wa 6, likipita rizista ya 1 kΩ na LED ya kijani, ni XNOR. Inawezekana kwa sababu XOR ni kigeuzi chenye amri: ingizo moja likishikiliwa kwenye 0, lile jingine linapita kama lilivyo, likishikiliwa kwenye 1, linatoka limegeuzwa. Mbinu hii ndiyo inayoiwezesha 74HC283, IC ya kujumlisha biti 4, kufanya pia hesabu ya kutoa: mageti manne ya XOR yanageuza biti za namba ya pili, na waya ule ule wa amri unaingia kwenye ingizo la akiba (carry in).

Miguu ya 9, 10, 12 na 13 iunge kwenye graundi. Ya 8 na 11 iache wazi, kwani ni matokeo.

Ukiwasha bila kubonyeza kitu, kijani inawaka. Bonyeza swichi moja, nyekundu inachukua nafasi. Bonyeza zote mbili, kijani inarudi. Nyekundu ikiwaka vizuri lakini kijani haizimi, angalia kama umeruka rizista ya LED nyekundu. LED peke yake huvuta mguu wa 3 chini hadi karibu volti 2, na geti la pili linahitaji takriban volti 3.5 kuisoma kama 1.

Ukitaka IC ya XNOR yenyewe, kuna CD4077, ambayo miguu yake imepangwa kama ya CD4070 ya XOR. Mpangilio huo si wa 74HC86: geti la pili linaingiza kwenye 5 na 6 na kutoa kwenye 4. Ukichomeka moja mahali pa nyingine bila kubadili waya, tokeo la geti linaweza kukutana na chanya au graundi moja kwa moja. 74LS266 ni XNOR pia, ila matokeo yake ni ya kolekta wazi, yaani huweza kuvuta waya hadi 0 tu. Bila rizista ya kuvuta juu hadi chanya, mfano 1 kΩ hadi 4.7 kΩ, hutapata 1 kamwe. Faida yake ni kwamba unaweza kuunganisha matokeo yote manne kwa rizista moja, na waya huo ukawa 1 pale tu namba mbili za biti 4 zinapolingana.

Mtego wa mwisho uko kwenye maingizo matatu. XOR mbili zikifuatana hutoa 1 pale idadi ya maingizo yenye 1 ni witiri. XNOR mbili zikifuatana hutoa jibu lile lile, maana ugeuzi wa pili unafuta wa kwanza. Ukihitaji kinyume, tumia XOR kisha XNOR.