Waifai haifiki chumba cha uani? Soma hii kabla hujaongeza bando

Naanza na kisa maana ndo kilichonifundisha. Wifi yangu, namaanisha dada wa mume wangu siyo hii ya hewani, alihamia kwetu hapa Nyegezi, Mwanza, akapewa chumba cha uani, akaja na tivii yake ambayo haina tundu la waya wa mtandao kabisa, ni waifai tu au ukae kimya. Siku ya kwanza kiduara kinazunguka, ya pili kinazunguka, ya tatu ananiambia "wifi, waifai yenu na kusimama barabarani kuomba hotspoti kwa wapita njia ni kitu kimoja." Nikaona aibu, nikaenda kuongeza bando. Kiduara kikaendelea kuzunguka vilevile na hela imeshaenda.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya vitu viwili, intaneti inayoingia nyumbani na waifai inayoisambaza ndani. Maji ya mtaani yanaweza kuja kwa nguvu afu bomba la bafuni limeziba, sasa hapo hata ulipie maji ya mji mzima hutaoga. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote chukua simu, simama mita mbili kutoka kwenye rauta (kile kiboksi kinachotoa waifai), pima spidi, afu nenda simama pale kifaa kinapokaa upime tena. Kama ni mbovu hata ukiwa karibu na rauta, shida iko kwenye mnara au bando. Kama karibu ni nzuri na kule inakufa, shida ni ya humu ndani, bando liache lilivyo.

Tuanze na wa mnara, hasa nyie mnaotumia rauta ya kuweka laini ya simu. Mwanza yetu mnaijua, unaweza kuuona mnara kwa macho ukiwa barabarani, ukiingia ndani kuna jiwe kubwa kuliko nyumba limekaa katikati. Ingia kwenye ukurasa wa rauta kwa brauza ya simu (anwani imeandikwa kwenye stika chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1) tafuta palipoandikwa RSRP, hiyo ndo nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani. Namba ina alama ya kutoa mbele, kwa hiyo -85 ni nzuri, -110 unahangaika. Hamisha rauta dirisha kwa dirisha, kila sehemu subiri dakika moja namba itulie ndo usome. Kwangu sebuleni ilikuwa -108, dirisha la jikoni -91, ni hatua kumi tu.

Sasa hapo ndo mtego ulipo, sehemu nzuri kwa mnara mara nyingi siyo nzuri kwa nyumba. Jikoni kwangu kuna friji na kuta mbili za bloku kabla hujafika uani, na nyuma ya ukuta kuna tenki la maji, na maji yanameza mawimbi ya waifai kuliko mtu anavyodhani. Kitu chenye waya unavuta waya yameisha, lakini kisicho na tundu kinategemea mawimbi yakifuate kilipo, na mawimbi hayapindi kona ya zege kwa sababu umelipia. Basi ukweli ninaoujua mimi: kama kifaa hakiwezi kwenda kwenye waya, upeleke waya mpaka karibu na kifaa, afu hewani zibaki mita tatu nne za mwisho.

Kabla ya waya lakini jaribu vya bure. Toa rauta nyuma ya tivii na sakafuni, iweke juu usawa wa kichwa, mbali na friji na maikrowevu (maikrowevu inapiga karibu kabisa na masafa yaleyale ya waifai ya gigahezi 2.4). Afu angalia masafa yenyewe, rauta nyingi za sasa zina mawili, 2.4 na 5. La 5 lina spidi ila linachoka haraka kwenye ukuta, la 2.4 ni la polepole lakini linafika mbali. Kamera ndogo za getini, swichi za taa za kuwashia kwa simu na printa za bei rahisi nyingi zinaona 2.4 peke yake, ndo maana unahangaika nusu saa kamera inakataa kuunga wakati simu iko poa, kumbe simu iko kwenye 5. Yape majina mawili tofauti, uone nani yuko wapi. Kwenye 2.4 chagua chaneli (njia ndogo ndani ya masafa) 1, 6 au 11 tu, hizo ndo haziingiliani, na upana wa chaneli weka megahezi 20. Kama mmepanga nyumba sita kwenye uwanja mmoja kila mtu na rauta yake hii peke yake inaweza kukuokoa. Usalama, yaani aina ya ulinzi wa pasiwedi, weka WPA2, maana ukiweka WPA3 tupu vifaa vya zamani vingi vitakataa kuunga hata ukiandika pasiwedi sahihi.

Vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kuongeza waifai mi sivipendi sana. Vingi vinasikiliza na kuongea kwa redio moja kwa hiyo spidi inashuka karibu nusu, na watu wanavichomeka kulekule kusikofika kitu, sasa kitarudia nini? Ukikinunua kiweke katikati ya njia.

Nilichofanya mimi ni rauta ya zamani iliyokuwa kabatini. Unaiwasha peke yake, unaunga simu, unabadilisha anwani yake iwe 192.168.1.2 (kama ile kubwa inayoleta intaneti ni 192.168.1.1), unazima DHCP ili kazi ya kugawa anwani ifanywe na rauta kubwa peke yake, unaipa jina la waifai na pasiwedi, afu unatoa waya tundu la LAN (la kuungia vifaa vya ndani) la kubwa mpaka tundu la LAN la ya zamani. Siyo lile la WAN (la kuingizia intaneti), hapo ndo nilikwama jioni nzima. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e au Cat6 unafika mita 100 bila kulalamika, mimi nilitumia 18. Muulize muuzaji kama ni shaba tupu, kuna wa bei rahisi ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba, ukiupinda kwenye kona unakatika kirahisi.

Wifi aliwasha tivii, akaangalia sehemu mbili bila kiduara, akaniambia "kumbe unajua," basi.

Umeme nao. Ukikatika sekunde mbili tu rauta inaanza upya na unasubiri dakika tatu. Kuna UPS ndogo za rauta, yaani betri za akiba, ila geuza rauta usome chini kwanza, kama imeandikwa 12V ipe 12V, ya 9V ukiipa 12 unaweza kuiunguza. UPS ya 10,000 mAh ni kama wati-saa 37 ndani, rauta inayokula wati 6 itakaa saa tano hivi, na kama zipo rauta mbili gawanya kwa mbili.

Na kama waya wako unapita nje kwenda banda la uani kama wangu, mvua za ziwani mnazijua, radi zake zinaanza usiku wa manane na zina fujo. Wingu likishakuwa jeusi upande wa ziwa chomoa umeme wa rauta zote mbili NA huo waya wa LAN pande zote mbili, maana watu wanachomoa umeme wanasahau waya, na radi inaingilia hukohuko.